Naomba tafsiri ya meseji ya dereva wangu: deiwaka ni nani, na gari imefikaje Mombasa?

mwl_wa_njombe

Wakuu heshima zenu. Mimi na mdogo wangu tulichanga tukanunua Kosta ya mtumba tukaiingiza barabarani Dar, inapiga Gongo la Mboto – Makumbusho, bima ipo, leseni ya njia ipo, yaani kila kitu kipo. Mimi nafundisha Njombe, mdogo wangu yuko Dodoma, kwa hiyo gari iko mikononi mwa dereva tuliyeunganishiwa na shemeji, kijana mstaarabu, hanywi na kanisani anaonekana. Makubaliano ni hesabu elfu tisini kwa siku, anatuma jioni kwa simu. Sasa shida yangu sio hela tu. Siku ikipungua anatuma na maelezo, na hayo maelezo nayasoma mara tatu naambulia "shkamoo" peke yake. Hii ya juzi naibandika kama ilivyo:

"Bosi shkamoo. Leo hesabu imepelea. Asubuhi tulipiga mbili nyomi safi, ya tatu tukapigwa mkono Tazara wakatuandika moja ya kuzidisha. Mchana nikamwachia deiwaka kumbe akakatishia Mombasa, na stafu wengi vichwa hamna. Jioni Makumbusho wapiga debe wakala zao, kurudi gari ikaanza kunoki nikaipaki Banana. Nimebaki na misimbazi mitano na buku jero. Kesho tunafidia."

Nyomi najua ni watu wengi, buku na jero hata Njombe zipo. Lakini deiwaka ni nani na nani kampa gari yangu? Stafu ni wafanyakazi gani, mbona mimi nimeajiri dereva na konda tu? Huo mkono kapigwa na nani, kaumia? Msimbazi ninavyojua ni mtaa pale Kariakoo, sasa anabakije na mitano? Na hiyo Mombasa ndo imeninyima usingizi kabisa, mume wangu anasema niulize gari imevukaje mpaka wa Horohoro bila kibali. Nikimpigia dereva ananijibu "bosi we tulia haya mambo ya mjini". Naombeni mnichambulie neno kwa neno, taratibu, msicheke.

Bi_Ukonga

Hahahahaha mwalimu samahani nimecheka. Gari yako haijaenda Kenya. Mombasa ni kituo huku kwetu Ukonga, ukitokea mjini unapita Airport, Banana, Magereza, unakuja Mombasa halafu ndo Gongo la Mboto. Ipo barabara ile ile, hakuna mpaka wala kibali, kuna wauza mihogo tu.

"Kukatishia Mombasa" maana yake gari haikufika mwisho. Imefika Mombasa konda akatangaza "mwisho hapa, gari inageuza" na sisi abiria tuliolipa nauli mpaka Gongo la Mboto tunashushwa na vyakula vyetu. Konda mwenye utu anawafaulisha, yaani anawapeleka kwenye gari nyingine anawalipia yeye humo, asiye na utu anawaambia "si hapo tu jamani tembeeni kidogo" na hapo ndo mtu unachapa lapa jua la saa saba. Wanafanya hivyo mchana kwa sababu huku mwisho saa hizo abiria wa kwenda mjini wachache, akigeuzia njiani anaokoa mafuta na anawahi foleni ya wenzake. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hawataki hiyo kitu, leseni ya njia inasema mwanzo wapi na mwisho wapi, ila mchana nani yupo pale kuangalia.

Mimi nakupa na maneno ya sisi tunaopanda, yale ya dereva wengine watakuja kukueleza. "Levo siti" ni gari ambayo imejaa viti tu hamna aliyesimama, konda akiita "levo siti levo siti" ujue kuna askari mbele, akishawapita hao askari levo siti inakufa. "Kugeuza nalo" ni mchezo wetu wa jioni, unatoka kazini unakuta Makumbusho watu wamejaa kama nini, basi unatembea vituo viwili nyuma unapanda gari inayoingia Makumbusho, unalipa, unafika nalo mpaka mwisho hushuki, linageuka na wewe uko dirishani umekaa. Unalipa mara mbili lakini unafika nyumbani na mgongo wako. Konda wengine wanakusumbua "wote shukeni gari inaoshwa", uongo, hakuna anayeosha gari saa kumi na mbili jioni. "Denti" ni mwanafunzi, huyo analipa nauli ndogo kwa hiyo ukiona gari linapita kituo cha shule mbio bila kusimama ujue limeona sare. Mwalimu hilo nalo mwambie dereva wako, wale ni watoto wenu.

suka_mstaafu

Mwalimu habari za huko baridini. Mimi nimeendesha daladala tangu enzi za DCM, nikaja Eicher, nikamalizia na Kosta kama hiyo yako, sa hivi niko na kibanda changu cha vinywaji. Nakuchambulia.

Suka ni dereva, imetoka kwenye usukani. Konda unamjua. Kichwa ni abiria, "vichwa hamna" ni abiria hakuna. Tripu wanakata wanasema "kupiga mbili", yaani kaenda na kurudi au kaenda mara mbili, kila njia ina hesabu yake ya kuhesabu tripu, hapo muulize vizuri maana kuna ujanja. Kupigwa mkono usiogope, hakuna aliyepigwa, ni trafiki kanyoosha mkono simama pembeni. Wakikupima spidi unaita "kupigwa tochi", ni kile kidude wanachokielekeza kwenye gari. "Kuandikwa moja" ni kosa moja, na kosa moja ni elfu thelathini, unapewa namba ya malipo. Kuzidisha ni kubeba watu zaidi ya viti. Msimbazi ni noti ya elfu kumi, nyekundu, na klabu ya Simba wekundu wako mtaa wa Msimbazi, basi. Kwa hiyo misimbazi mitano na buku jero ni elfu hamsini na moja na mia tano. Ukisikia "kilo" ujue ni laki moja, asije akakwambia anadaiwa kilo mbili ukadhani ni za sukari.

Sasa hesabu. Hapa ndo wenye magari wengi wanakosea kuelewa. Hesabu sio mapato ya gari. Hesabu ni ya kwako wewe bosi, imepangwa, gari ipate isipate. Gari ikitoka alfajiri kwanza inatafuta mafuta, ikishapata mafuta inatafuta hesabu yako, na ikishafunga hesabu ndo suka na konda wanaanza kutafuta yao. Wengi hawana mshahara, kinachobaki baada ya hesabu ndo mshahara. Ndo maana asubuhi unaona suka anaendesha na mahesabu, na jioni saa moja anaendesha kama amekimbiwa na mke, kwa sababu hiyo tripu ya jioni ni ya kwake. Watu wanatutukana barabarani hawajui kwamba mpaka saa kumi mtu bado anafanya kazi ya bosi. Mwaka 2015 madereva tuligoma nchi nzima ikasimama, moja ya madai ilikuwa hiyo hiyo ya mikataba ya ajira, leo uliza madereva kumi wa daladala wangapi wanao mkataba.

Deiwaka sasa. Deiwaka ni kibarua wa siku, anakaa kituoni hana gari lake, suka akichoka au akiwa na shida zake anamwachia tripu moja mbili. Ni jambo la kawaida, hakuna gari ya Dar ambayo haijawahi kushikwa na deiwaka, hata umkatalie vipi. Ila wewe mwenye gari kitu unachotakiwa kuuliza ni kimoja, ana leseni ya daraja la kubeba abiria? Maana deiwaka wengine ni makonda waliojifunzia kupaki gari kituoni, siku akigonga mtu kampuni ya bima inakuuliza nani alikuwa kwenye usukani, na hapo deiwaka hana simu hana jina, kijiweni wanamjua kwa jina la utani.

konda_msomi

Mstaafu umemwaga vizuri ila deiwaka umemwonea. Kwanza deiwaka sio dereva tu, kuna deiwaka konda na wapo wengi kuliko hao wa usukani. Pili sisi wote tumepita hapo. Hakuna chuo cha ukonda, unaanza kupiga debe kituoni, wakikuzoea unapewa tripu za mchana za udeiwaka, siku konda akifiwa unashika gari wiki nzima, ukileta hela bila longolongo unapewa gari. Mimi mwenyewe nilikula udeiwaka muda mrefu Buguruni, nina diploma yangu ndani ya begi.

Ngoja nimweleze mwalimu kitu ambacho suka wake hajaandika. Deiwaka halipwi mshahara. Anaambiwa "kapige moja uniletee kiasi fulani, itakayozidi yako". Umeona hapo? Yaani ndani ya hesabu yako kuna kahesabu kengine kadogo ka suka kwa deiwaka. Ndo maana akakatishia Mombasa, yeye alishapata ya kumpa suka, kwenda mpaka Gongo la Mboto kugeuza na gari tupu ni kuchoma mafuta kwa hela yake. Kwa hiyo mwalimu suka wako hakupoteza hela kwa deiwaka, suka alipewa chake alichopanga. Akikwambia deiwaka kaharibu hesabu muulize "alikuletea ngapi?" utasikia kimya.

Stafu ni sisi kwa sisi. Makonda, masuka, deiwaka, wapiga debe, na askari pia, ukipanda gari ya mwenzako unasema "stafu" au unampa ishara hudaiwi nauli. Hawafiki wengi, tripu moja stafu wawili watatu ni wengi sana, hawawezi kumaliza hesabu ya gari ya viti karibu thelathini. Hilo neno limewekwa kwenye meseji kunogesha.

Wapiga debe hao kweli wanakula, hawa ndo wanaita abiria "Tabata Ubungo Mwenge Makumbusho siti bado siti bado" wakati gari imejaa mpaka mlangoni. Kila gari ikitoka inawaachia chao, usipotoa siku nyingine wanapakia gari ya nyuma yako wewe unabaki unapiga honi. Bi Ukonga nadhani unawajua.

Sasa tufanye hesabu ya darasani mwalimu. Tisini toa hamsini na moja na nusu, pengo ni elfu thelathini na nane na mia tano. Thelathini ya kuandikwa. Inabaki elfu nane na mia tano, hiyo ndo wapiga debe na maneno. Kwa hiyo stori yote ni ile faini. Na faini yenyewe ni ya KUZIDISHA. Kijiweni tuna utaratibu ambao haujaandikwa popote lakini kila mtu anaujua, kosa la gari ni la bosi na kosa la barabarani ni letu. Tairi kipara, taa imekufa, wipa hamna, stika imeisha, hiyo bosi analipa. Spidi, kuzidisha, kusimama sehemu sio kituo, hiyo suka na konda tunajigawia. Wale waliosimama asubuhi walilipa nauli, nauli zao zilienda mfuko gani? Sio wa kwako.

suka_mstaafu

Konda unachosema ni kweli ila usimjaze mwalimu upepo. Utaratibu huo upo mabosi wakiwa na hesabu ya kiubinadamu. Tisini kwa njia hiyo kuna foleni ya Tazara na ya Ubungo, kwa tripu wanazopiga kwa siku, ukibeba levo siti hufungi, narudia hufungi. Bosi anapanga hesabu ya watu waliosimama halafu wakikamatwa waliosimama anasema kosa lenu. Mwalimu ukitaka gari ya levo siti shusha hesabu, ukitaka tisini kubali kwamba siku nyingine mtaandikwa.

konda_msomi

Hapo sikubishii. Ila amwambie ukweli basi asimletee stafu na Mombasa.

kamagera254

Niaje wasee wa Bongo, nimesoma hii thredi nikicheka peke yangu ndani ya matatu. Mimi ni wa Nairobi, na mama mwalimu usijali, hata mtu wa Mombasa original hangeelewa hiyo meseji.

Deiwaka wenu huku ni skwadi. "Leo nachapa skwadi" ni kusema sina gari yangu, dere ameniachia nipige raundi kadhaa. Mpiga debe ndio kamagera, ndio mimi hapa kwa jina, tunakaa steji tunajaza gari tunalipwa na kila gari ikitoka. Kondakta ni makanga ama donda, na ukienda Mombasa yenyewe utasikia manamba. Polisi ni karao, askari wa kaunti ni kanjo, na kanjo ndiye mbaya zaidi kwa sababu karao anataka gari, kanjo anakutaka wewe. Kuzidisha kwenu huku ni kubeba ekses. Ile 2004 waziri Michuki alileta sheria zake, mikanda, spidi gavana, mstari wa manjano, yunifomu, ekses ikaisha kabisa watu wakadhani ni ndoto. Sahi mvua ikinyesha Rongai jioni nenda uone kama kuna mtu anakumbuka Michuki.

Hiyo ya Msimbazi nimeipenda. Sisi noti ya mia tano tuliiita jirongo, kutoka kwa Cyrus Jirongo wa YK'92, kundi la vijana wa KANU, zile pesa za kampeni za uchaguzi wa 1992 zilimwagwa mpaka noti ikapewa jina. Mbao ni ishirini, soo ni mia, thao ni elfu. Vijana wa sahi ukiwaambia jirongo wanakuangalia tu.

Lakini wacha niulize, hapo Dar makanga analala na gari ama gari inarudi kwa mdosi? Kwa sababu huku za mitaa zingine mwenye gari anataka gari ilale petroli stesheni yenye walinzi, sio dere aende nayo kwake.

konda_msomi

@kamagera254 nyingi zinalala kwenye yadi au shell karibu na mwisho wa njia, unalipia ulinzi. Suka akienda nayo nyumbani asubuhi inakuta mafuta yamepungua, yamevutwa na mrija na mwenye mrija anajulikana.

mzee_wa_chai_maharage

Nyie vijana mnachambua maneno yote mmesahau jina la gari lenyewe. Daladala. Shilingi tano zamani mtaani iliitwa dala, kutoka dola, na nauli ya magari ya watu binafsi ilikuwa hiyo tano, konda anaita "dala dala". Kabla ya hapo serikali ilikuwa na shirika lake la mabasi, UDA, ilianzishwa 1974, mabasi yakawa hayatoshi, mtu unasimama kituoni mpaka miguu inavimba. Magari ya wizi wizi yakaanza kubeba watu, pikapu zile za benchi mbili mnakaa mnatazamana kama mko hotelini mnasubiri chai, ndo zikaitwa chai maharage. Mwaka 1983 serikali ikaona haina namna ikaruhusu watu binafsi. Jina likabaki mpaka leo ambapo hiyo tano yenyewe hata chenji yake huipati. Na nasikia hata matatu ya kwa majirani jina limetoka kwenye nauli.

kamagera254

Ni kweli mzee, senti thalathini, yaani zile sarafu za senti kumi tatu, mang'otore matatu. Mzee Kenyatta akaziruhusu 1973, nyinyi mkafuata miaka kumi baadaye hahaha.

mzee_wa_chai_maharage

Tulikuwa tunaangalia kwanza kama zinaua.

mwl_wa_njombe

Jamani ahsanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Mume wangu nimemwambia Mombasa iko Ukonga amenyamaza tu. Deiwaka nimeelewa, nitadai picha ya leseni ya kila atakayemwachia. Sijaridhika na kitu kimoja, hakuna aliyegusa hiyo "kunoki". Mdogo wangu anasema ni injini na tujiandae kwa milioni kadhaa. Lakini dereva anasema kesho tunafidia, na jana kweli alituma tisini kamili. Sasa gari inayonoki inatuma vipi tisini?

fundi_gari_kubwa

Mwalimu hapo umeuliza swali la kifundi. Kunoki kwa kweli yake ni injini inagonga ndani, unasikia ko ko ko chini kabisa, ukikanyaga mafuta inaongezeka, ni beringi za krenki zimekwisha, mara nyingi oili ilipungua mtu hakuangalia. Ikifika hapo unazima gari unaita breki dauni, ukiendelea nayo rodi inakatika inatoboa bloku na hiyo injini unaiuza kwa wauza vyuma chakavu kwa kilo. Gari iliyonoki haipigi tripu kesho yake. Haiwezi.

Ila sasa mtaani neno limelegea. Gari ikitoa mlio wowote imenoki, mtu akichoka na kazi anasema nimenoki. Kwa hiyo ama dereva wako anaongea lugha ya mtaa, ama kaipaki Banana kwa sababu zake. Usibishane naye kwa meseji. Mwambie alfajiri kabla hajawasha aweke simu karibu na injini, arekodi inavyowaka ikiwa ya baridi, akanyage mafuta mara mbili, halafu arekodi nyingine akiwa ndani inatembea kwenye tuta. Akutumie zote mbili.

Na hiyo faini usimwulize mtu. Polisi wana mfumo wao kwenye mtandao, unaingiza namba ya gari unaona deni linalodaiwa na ni la kosa gani, hata ukiwa Njombe darasani.

Bi_Ukonga

Kama aliipaki Banana jioni basi kuna baa pale nyuma wanachoma kitimoto kizuri sana, nasema tu.

mwl_wa_njombe

Bi Ukonga hanywi jamani.

Bi_Ukonga

Kitimoto hakinywewi mwalimu.

mwl_wa_njombe

Nimeangalia kwenye mfumo, faini ipo ya kweli, tarehe ile ile, kuzidisha. Nimemwambia hiyo watalipa yeye na konda nusu kwa nusu na mimi nimeshusha hesabu iwe themanini ila sitaki kuona tena neno stafu kwenye meseji. Amekubali haraka mpaka nikaogopa.

Rekodi nazo amenitumia, nimemrushia fundi inboksi.

fundi_gari_kubwa

Nimesikiliza. Injini iko safi, inalia vizuri kabisa, ya kwanza haina kitu. Ya pili ndo yenye mlio na unakuja kwenye tuta tu, kwa hiyo ni chini, mguu wa mbele kushoto nadhani, bushi za springi zimekufa na inawezekana shokapu pia. Sio kunoki hiyo. Kazi ya nusu siku.

mwl_wa_njombe

Afadhali. Yeye anasema bushi anazipata Gerezani na anataka nimtumie hela leo. Nimtumie?

konda_msomi

Usimtumie yeye, mlipe mwenye duka moja kwa moja kwa namba ya lipa, risiti ije na jina la spea.

fundi_gari_kubwa

Na za zamani asiziache gereji, azirudishe kwenye gari uzikute siku ukija. Kuna watu bushi moja wanaibadilisha mara nne kwa mwaka bila kuigusa.

suka_mstaafu

Mwambie abadilishe za pande zote mbili kwa mpigo. Akibadilisha kushoto peke yake mwezi ujao utapata meseji kwamba kulia kunanoki.